Umbali na Muda katika Safari ya Ndege: Mfano wa Kisangani na Lubumbashi

0. Utangulizi

Kisangani na Lubumbashi ni miji miwili ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambamo Kiswahili husemwa kila siku, nyumbani, sokoni na kazini. Kisangani, mji mkuu wa jimbo la Tshopo, uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, mahali ambapo Kiswahili na Lingala hukutana. Lubumbashi, mji mkuu wa jimbo la Haut-Katanga, uko kusini, karibu na mpaka wa Zambia. Mtu akiuliza, "Kutoka Kisangani hadi Lubumbashi ni mbali kiasi gani?" atapata majibu ya namna tatu. Wa kwanza atamwambia: kilomita elfu moja mia tatu na kitu. Wa pili atamjibu: ni saa mbili tu kwa ndege. Wa tatu, ambaye amekwisha kuifanya safari hiyo, atamjibu: siku nzima, na pengine siku mbili.

Majibu hayo matatu hayapingani. La kwanza linahusu umbali wa ardhi, la pili muda wa kuruka, la tatu muda wa safari. Hata hivyo, katika mazungumzo, katika matangazo na hata katika maandishi ya ofisi, mambo hayo matatu huchanganywa mara kwa mara, na mwenye kuchanganya hulipa gharama. Mwanafunzi anayekwenda kutetea tasnifu yake, mhadhiri anayesubiriwa na jopo la watahini, mgonjwa aliyepewa siku ya kupasuliwa: kwa watu kama hao tofauti ya saa moja iliyosomwa vibaya si jambo dogo.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwanza, jinsi umbali kati ya viwanja viwili vya ndege unavyopimwa. Pili, jinsi muda wa kuruka unavyopatikana kutokana na umbali huo. Tatu, kwa nini muda wa saa ya ukutani hautoshi kuonyesha urefu wa safari. Na mwisho, ni maneno gani ya Kiswahili yanayofaa kutumiwa ili kila jambo libaki mahali pake.

1. Umbali wa ardhi

1.1. Namna ya kuupima

Kiwanja cha Bangoka, mashariki ya mji wa Kisangani, kiko kwenye nyuzi 0 na dakika 29 kaskazini ya ikweta, na nyuzi 25 na dakika 20 mashariki. Kiwanja cha Luano, karibu na Lubumbashi, kiko kwenye nyuzi 11 na dakika 35 kusini ya ikweta, na nyuzi 27 na dakika 32 mashariki. Ieleweke kwamba dakika zinazotajwa hapa si dakika za saa. Ni sehemu za uzi mmoja wa duara: kila uzi una dakika 60.

Kwa kuwa kiwanja kimoja kiko kaskazini ya ikweta na cha pili kusini, latitudo zao hujumlishwa, hazitolewi. Jumla ni nyuzi 12 na dakika 4, yaani dakika 724. Mabaharia walikubaliana zamani kwamba dakika moja ya latitudo ihesabiwe kuwa maili moja ya baharini, na marubani walirithi kipimo hicho. Basi kutoka kaskazini kwenda kusini kuna maili za baharini 724. Kwa upande wa longitudo, tofauti ni nyuzi 2 na dakika 12, yaani dakika 132. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri mtu anavyoiacha ikweta, lakini katika sehemu hizi bado haijakaribiana sana. Dakika hizo 132 ni sawa na maili kama 131.

Inabaki kanuni ya pembetatu mraba ambayo kila mwanafunzi wa shule ya sekondari anaijua. Mraba wa 724 ukijumlishwa na mraba wa 131, kisha kipeuo cha pili kikatafutwa, jibu ni maili za baharini 736 hivi. Maili moja ya baharini ina mita 1,852. Kwa hiyo umbali kati ya Bangoka na Luano ni takriban kilomita 1,360. Kwa masafa marefu zaidi, kama yale ya kutoka Kinshasa hadi Brussels, kanuni hiyo ya pembetatu ingedanganya, kwa sababu dunia ni mviringo. Hapo lazima kutumia hesabu ya duara kubwa. Kwa safari ya ndani ya nchi, karibu na ikweta, kosa lake ni dogo.

1.2. Njia si mstari ulionyooka

Kilomita 1,360 ni umbali wa mstari ulionyooka, umbali ambao hakuna miguu ya mtu wala gurudumu lililowahi kuupita. Safari ya nchi kavu na ya mto hufuata njia nyingine kabisa. Juu ya Kisangani mto Kongo umezibwa na maporomoko saba ya Boyoma, na kwa sababu hiyo ilijengwa reli ya kilomita 125 kutoka Kisangani hadi Ubundu, ikamalizika mwaka 1906. Kutoka Ubundu msafiri hupanda chombo cha majini hadi Kindu. Kutoka Kindu kuna reli ya kuelekea Kongolo na Kabalo. Kutoka Kabalo njia ya reli inapinda kwenda magharibi hadi Kamina, ndipo inaposhuka tena kusini-mashariki kuelekea Lubumbashi. Kiungo hicho cha Kabalo na Kamina kilipatikana katika miaka ya 1950 tu. Kabla yake reli ya kaskazini na ile ya Katanga hazikuwa zimeshikana.

Hata angani mstari ulionyooka haukupatikana siku moja. Ndege za kwanza za abiria na barua katika Kongo, zile za njia iliyopewa jina la Mfalme Albert kati ya mwaka 1920 na 1922, zilikuwa ndege za kutua majini. Zilifuata mto kutoka Kinshasa hadi Kisangani, kwa sababu mto ndio uliokuwa kiwanja chao: ndege ikipata hitilafu ilikuwa lazima iwe na maji chini yake. Kwa mto, safari hiyo ina zaidi ya kilomita 1,700, hali kwa mstari ulionyooka kutoka Kinshasa hadi Kisangani ni kama kilomita 1,225. Yaonekana basi kwamba hata ndege inaweza kuwa na njia ndefu kuliko umbali.

Jambo hilo halijakoma. Abiria wa Kisangani ambaye siku yake haina ndege ya moja kwa moja, akalazimika kupitia Kinshasa, huruka kilomita 1,225 kwenda magharibi, kisha kilomita 1,550 hivi kurudi mashariki na kusini. Jumla ni kama kilomita 2,775, yaani zaidi kidogo ya maradufu ya umbali wa kweli kati ya miji hiyo miwili. Ramani haikubadilika, kilichobadilika ni njia.

2. Muda wa kuruka

2.1. Mwendo wa chombo

Umbali ukisha kujulikana, muda wa kuruka hupatikana kwa kuugawa kwa mwendo wa ndege. Hapa kuna tofauti kubwa kati ya chombo na chombo. Ndege ya jeti iliyofika juu huenda kilomita kama 800 kwa saa. Kilomita 1,360 zikigawanywa kwa 800, jibu ni saa 1 na dakika 42. Ndege ya rafadha ya siku hizi, yaani ile yenye mapanga yanayozunguka, ikienda kilomita 500 kwa saa, itahitaji saa 2 na dakika 43. Ndege za zamani za aina ya DC-3, ambazo zilijulikana sana katika Afrika ya Kati baada ya Vita Kuu vya Pili, zilikuwa na mwendo wa kilomita kama 270 kwa saa. Kwa mwendo huo safari ile ile ingemaliza saa tano.

Hata hivyo, hesabu hiyo inadhani kwamba ndege iko juu tangu mwanzo hadi mwisho. Sivyo ilivyo. Ndege hutembea ardhini hadi mwanzo wa barabara ya kurukia, hungoja ruhusa, huruka, hupanda kwa mwendo mdogo, halafu mwishoni hushuka polepole, hujipanga kuelekea kiwanja, hutua na kutembea tena ardhini hadi mahali pa kusimama. Kwa sababu hiyo mashirika ya ndege huhesabu muda tangu kabari zinapoondolewa kwenye magurudumu hadi zinaporudishwa. Muda huo wa kabari hadi kabari ndio unaoandikwa katika ratiba. Kwa ndege ya jeti kati ya Kisangani na Lubumbashi, saa 1 na dakika 42 za hesabu huwa karibu saa 2 za ratiba. Kwa ndege ya rafadha huwa karibu saa 3.

2.2. Upepo na hewa

Watu wengi husikia kwamba upepo hurefusha au hufupisha safari, na ni kweli. Upepo ukitoka nyuma, mwendo wake hujumlishwa na ule wa ndege. Ukitoka mbele, hutolewa. Katika nchi za ikweta upepo wa juu kwa kawaida hutoka mashariki, wala hauna nguvu kama ule wa nchi za baridi. Safari ya Kisangani na Lubumbashi ni ya kaskazini na kusini, kwa hiyo upepo huo huipiga ndege ubavuni zaidi kuliko usoni au mgongoni. Rubani huelekeza pua ya ndege kidogo upande wa upepo ili asisukumwe nje ya njia, na muda haubadiliki sana.

Safari ya Kinshasa na Lubumbashi ni tofauti, kwa sababu ina mwelekeo wa mashariki na magharibi. Ikichukuliwa kwamba ndege inakwenda kilomita 800 kwa saa, na upepo wa kilomita 40 kwa saa unavuma njia nzima, kilomita 1,550 zitahitaji saa 1 na dakika 51 kwa kwenda na upepo, na saa 2 na dakika 2 kwa kwenda kinyume chake. Tofauti ni dakika 11. Tarakimu hiyo itafaa katika sehemu inayofuata.

Hali ya kiwanja nayo ina neno lake. Luano iko juu ya bahari kwa mita 1,300 hivi, wakati Bangoka iko chini zaidi, katika bonde la mto Kongo. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, na mchana wa joto huwa nyepesi zaidi. Mabawa hupata nguvu kidogo ya kuinua, na injini pia hupungukiwa. Ndiyo maana ndege inayoondoka Luano huhitaji kukimbia zaidi ardhini kabla ya kuinuka kuliko ikiondoka kwenye kiwanja cha bondeni ikiwa na mzigo ule ule. Barabara ya kurukia ya Luano ina zaidi ya mita 3,000.

2.3. Mafuta ya akiba

Kosa la umbali huonekana pia katika mafuta. Ndege haipaswi kuondoka na mafuta ya kufikia kiwanja kinachokusudiwa tu. Kwa kanuni za kimataifa hubeba pia mafuta ya kwenda hadi kiwanja cha akiba, kama kile cha kwanza kimefungwa kwa mvua au sababu nyingine. Na juu ya hayo, ndege ya jeti hubeba mafuta ya kuzunguka angani kwa dakika 30 juu ya kiwanja hicho cha akiba. Uzito wa mafuta hayo hutolewa katika uzito wa watu na mizigo. Basi mfanyabiashara anayeshangaa kwa nini gunia lake limeachwa nyuma anapaswa kujua kwamba pengine nafasi yake imechukuliwa na mafuta ambayo, Mungu akijalia, hayatatumika.

3. Muda wa saa ya ukutani

3.1. Saa mbili katika nchi moja

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina majira mawili ya saa. Sehemu ya magharibi, pamoja na Kinshasa, iko mbele ya saa ya ulimwengu kwa saa 1. Sehemu ya mashariki, pamoja na Kisangani na Lubumbashi, iko mbele yake kwa saa 2. Kwa hiyo Kisangani na Lubumbashi zina saa moja, na mtu anayeruka moja kwa moja hana haja ya kugusa saa yake. Akipitia Kinshasa, mambo hubadilika.

Mpango huo haukutungwa bila kufuata jua. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi mmoja kwa dakika 4. Kati ya Kinshasa na Lubumbashi kuna nyuzi 12 hivi za longitudo. Jua la adhuhuri hutangulia Lubumbashi kwa dakika kama 48. Sheria imeifanya tofauti hiyo kuwa saa kamili. Kati ya Kisangani na Lubumbashi, jua hutofautiana kwa dakika 9 tu, na sheria imeiacha tofauti hiyo.

3.2. Safari ya saa moja na safari ya saa tatu

Ikadiriwe kwamba ndege hutumia saa 2 na dakika 15, kabari hadi kabari, kati ya Lubumbashi na Kinshasa, kwenda na kurudi. Inaondoka Lubumbashi saa 10.00 kwa saa za Lubumbashi, inafika Kinshasa saa 11.15 kwa saa za Kinshasa. Kesho yake inaondoka Kinshasa saa 10.00 na kufika Lubumbashi saa 13.15. Anayesoma ratiba bila kujua majira mawili ataona kwamba kwenda kulichukua saa 1 na robo, na kurudi saa 3 na robo. Wako wanaosema kwamba sababu ni upepo. Lakini imekwisha kuonyeshwa kwamba upepo wa kawaida huleta tofauti ya dakika 11 hivi, wala si saa mbili. Tofauti hiyo ya saa mbili imetoka kwenye saa, haikutoka angani.

Kuna njia nyepesi ya kuupata muda wa kweli bila kujua lolote juu ya majira: kujumlisha muda wa kwenda na muda wa kurudi kama unavyoonekana katika ratiba, kisha kugawa kwa mbili. Saa 1 na dakika 15 zikijumlishwa na saa 3 na dakika 15 ni saa 4 na nusu; nusu yake ni saa 2 na dakika 15. Kile kilichoongezwa upande mmoja kimeondolewa upande wa pili.

Hasara ya kusahau majira haiko sawa pande zote mbili. Anayetoka mashariki kwenda Kinshasa bila kurudisha saa yake nyuma atawahi mahali kwa saa moja. Atachoka kungoja, basi. Anayetoka Kinshasa kwenda mashariki bila kuipeleka saa yake mbele atachelewa kwa saa moja. Aliyeitwa na jopo la watahini kwa saa 15.00 atatazama mkononi aone saa 14.00, akae kunywa chai, na mlango utafungwa.

3.3. Siku ya msafiri

Sasa yafaa kurudi kwa yule mtu wa tatu aliyejibu "siku nzima". Achukuliwe abiria anayeondoka Kisangani saa 8.00 na kupitia Kinshasa. Baada ya saa 1 na dakika 50 anafika Kinshasa. Kwa saa za huko ni saa 8.50. Ndege ya pili inaondoka saa 11.00. Inaruka saa 2 na dakika 15, na kufika Lubumbashi saa 14.15 kwa saa za Lubumbashi. Kwa kuwa Kisangani na Lubumbashi zina majira mamoja, kutoka saa 8.00 hadi saa 14.15 ni saa 6 na robo. Iongezwe saa ya kwenda Bangoka, na zile za kusimama mbele ya meza za kukagua tiketi na mizigo, na ile ya kutoka Luano hadi mjini: siku imekwisha. Na kama ndege ya pili inaondoka kesho yake, jibu la "siku mbili" ni sahihi kabisa.

Historia ina mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1925 rubani Edmond Thieffry aliruka kutoka Brussels hadi Kinshasa, iliyoitwa wakati ule Léopoldville, pamoja na wenzake wawili. Waliondoka tarehe 12 Februari, wakafika tarehe 3 Aprili. Safari ilichukua siku 51, lakini muda wa kuruka ulikuwa saa kama 75 tu, yaani kiasi cha siku tatu. Siku zote zilizobaki zilipita ardhini.

4. Maneno ya Kiswahili

4.1. Umbali, masafa, mwendo

Kiswahili hakikosi maneno ya kuyatenga mambo haya. Umbali, lililotoka katika mbali, hutaja nafasi iliyoko kati ya mahali pawili. Masafa, neno lenye asili ya Kiarabu, hutaja nafasi hiyo hiyo, hasa ikiwa ndefu na inapimwa. Mwendo ni neno la namna nyingine: limetoka katika kwenda, nalo linachukua pamoja tendo la kusafiri, wepesi wake na urefu wake. Ndiyo maana inasemwa "ndege ina mwendo mkali", na pia "ni mwendo wa siku tatu".

Usemi huu wa mwisho ni wa zamani katika Kongo. Wakati wa misafara ya karne ya 19, kutoka pwani hadi Nyangwe, Kasongo na Kisangani, njia ilihesabiwa kwa siku za kutembea. Aliyesema "mwendo wa siku kumi" hakuwa mjinga wa vipimo. Alikuwa anatoa habari ambayo kilomita haziwezi kuitoa: mahali pa kulala, chakula cha kubeba, mito ya kuvuka, uzito wa mizigo. Ikikadiriwa kilomita 20 kwa siku, na njia ikidhaniwa kuwa imenyooka, Kisangani hadi Lubumbashi ingekuwa mwendo wa siku 68. Kwa njia ya kweli ingezidi sana. Anayesema leo "ni saa mbili kwa ndege" anafuata desturi ile ile ya kupima nchi kwa muda. Tofauti ni kwamba mtembea kwa miguu alihesabu siku zake zote, na msafiri wa ndege huhesabu zile za kuruka, akasahau zile za kungoja.

Inafaa pia kutambua kwamba maneno mengi ya usafiri wa anga yametoka kwingine. Rubani lilikuwa jina la mwongoza chombo baharini kabla ya kuwa la mwongoza ndege. Kutua ni kushusha mzigo kutoka kichwani au begani. Ndege lilikuwa, na bado ni, jina la mnyama mwenye mbawa. Sarufi ndiyo inayotenga, kwa kuwa mnyama "ameruka" na chombo "kimeruka" au "imeruka". Katika Kiswahili cha kila siku cha Lubumbashi husikika pia avio, kutoka Kifaransa.

4.2. Saa na masaa

Ugumu mkubwa uko katika neno saa. Neno hili hutaja chombo cha kupimia wakati, hutaja muda wa dakika 60, na hutaja pia nukta ya siku. Tena, katika Kiswahili sanifu saa za siku huanza kuhesabiwa asubuhi jua linapochomoza: saa moja ya asubuhi ndiyo ile ambayo tiketi huiandika 7.00. Hesabu hiyo inaifaa sana nchi ya ikweta kama Kisangani, ambako mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima. Lakini tiketi huandikwa kwa hesabu ya Kizungu, na watu wa shule na ofisi katika Kongo mara nyingi husoma saa kwa hesabu hiyo hata wanapozungumza Kiswahili.

Tokeo lake ni kwamba maneno "ndege ya saa mbili" yana maana tatu. Yaweza kuwa ndege inayoondoka saa 8.00 asubuhi, kwa hesabu ya Kiswahili sanifu. Yaweza kuwa ndege inayoondoka saa 14.00, kwa mtu aliyeitafsiri saa ya Kifaransa neno kwa neno. Yaweza kuwa ndege ambayo safari yake huchukua saa mbili, iondoke wakati wowote. Kati ya maana ya kwanza na ya pili kuna saa sita, nazo zinatosha kabisa kwa mtu kuachwa na ndege.

Katika usemi wa kawaida watu wengi wamejitengenezea dawa: wanasema saa mbili kwa nukta ya siku, na masaa mawili kwa muda. Vitabu vya sarufi hulikataa umbo hilo, kwa sababu saa iko katika ngeli ambayo umoja na wingi wake havitofautiani. Kwa mujibu wa kanuni, vitabu vina haki. Lakini wasemaji hawakukosea bila sababu: wameziba tundu ambalo kanuni imeliacha wazi. Anayesahihisha masaa katika kazi ya mwanafunzi na kuandika saa juu yake, bila kuongeza neno lolote, ameisafisha sarufi na kuipotosha maana.

4.3. Mapendekezo

Lugha ya maandishi inaweza kuitunza kanuni bila kuipoteza maana, ikiwa mambo manne yatafuatwa. Kwanza, kila muda utanguliwe na neno muda: "muda wa kuruka ni saa mbili", "safari ina muda wa saa sita na robo". Pili, kila nukta ya siku ifuatwe na sehemu ya siku, na ikiwa inahusu tiketi, iandikwe kwa tarakimu za hesabu ya saa 24: "saa mbili ya asubuhi, yaani 8.00". Tatu, safari inapovuka majira, itajwe saa ni ya wapi: "13.15 kwa saa za Lubumbashi". Nne, muda wa kuruka utengwe na muda wa safari, kwani wa kwanza ni wa ndege na wa pili ni wa abiria.

Tangazo lililoandikwa hivi huongezeka maneno matano au sita: "Ndege ya Lubumbashi itaondoka saa mbili ya asubuhi (8.00), nayo itafika baada ya muda wa saa mbili, saa nne ya asubuhi (10.00), kwa saa za Lubumbashi." Maneno hayo ni machache kuliko maelezo yatakayotolewa kwa abiria aliyefika kiwanjani saa 14.00.

5. Hitimisho

Kati ya Bangoka na Luano kuna kilomita kama 1,360, na hizo hazitabadilika. Muda wa kuruka hubadilika kwa chombo: saa mbili kwa jeti, tatu kwa rafadha ya siku hizi, tano kwa zile za zamani. Muda wa safari hubadilika kwa njia, kwa kungoja na kwa majira ya saa, nao ndio unaomhusu zaidi mwenye kusafiri. Wazee wa misafara walikuwa na neno moja, mwendo, lililoyabeba yote kwa pamoja, kwa sababu kwao mtu na njia vilikwenda kwa hatua moja. Ndege imeyatenganisha mambo hayo. Ni wajibu wa wanaofundisha Kiswahili, wanaokitafsiri na wanaokitumia katika matangazo kuyatenganisha vilevile katika maneno, ili anayesoma ajue saa ya kuondoka nyumbani.